Karatasi Milioni Tisa Zilale Wapi

Kuopio, Februari. Ziwa limeganda hadi magari yanapita juu yake,
nasi wanne tumejifungia chumba cha juu cha bima ya misitu
kujibu swali moja: karatasi milioni tisa
zilale wapi?

Mfumo tumekwisha kununua. Unajua kupanga, unajua kutafuta,
unajua nani asome na nani afichwe.
Lakini mfumo ni karani tu, hana ghala.
Anauliza, "Mzigo niutue wapi?"
na kila mtu ana jibu lake mfukoni.

Eerikki anataka vyote ndani ya hifadhidata,
jina na mwili, chungu kimoja, mfuniko mmoja.
Tuovi wa hesabu anataka wingu,
maana wingu hulipiwa kwa mwezi
wala haliombi chumba.
"Wingu la nani?" nauliza. "Linanyesha wapi?"
Ananitazama kama mtu aliyeagiza chai akaletewa mtihani.
Mimi, niseme kweli, nilitaka folda na diski
kwa kuwa ndizo nilizozizoea,
na mazoea yana taabu.

Hilkka ndiye mtunza nyaraka,
miaka thelathini na minne, funguo zilezile.
Siku mbili hakutia neno.
Siku ya tatu kaleta ramani: msitu wa kina Räsänen, 1961,
mipaka kwa penseli, doa la kahawa palipo kisima.
"Itieni hii kotekote," akasema,
"kisha mchomoe umeme."

Tukachomoa.

Folda zangu ziliamka na jina lisilo na faili,
na kando, faili yatima, haina wa kuidai.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na daftari bila mali?
Niliona haya kama mpishi aliyekutwa na unywele mchuzini.

Chungu cha Eerikki hakikumwaga tone,
ila nakala yake rudufu ilikula saa kumi na tisa,
na siku, tukumbushane, ina ishirini na nne tu.

Wingu halikujua hata kama limejaribiwa.
Tuovi akatabasamu.
Tukauliza bei ya kurudishiwa zote milioni tisa
siku tutakayogombana,
na tabasamu likaketi chini.

Akiba haiozi, husemwa.
Aliyesema hakunusa kanda zetu za mwaka themanini na saba,
zilizotolewa ghorofa ya chini baada ya bomba kupasuka:
harufu ya siki, na sauti ya wateja
ikitoka kama mtu anayeongea chini ya blanketi.

Ijumaa, saa tisa, giza tayari dirishani, tukakata shauri.
Hifadhidata ibaki na majina.
Miili ikae kwenye ghala letu wenyewe, bila folda,
kila kimoja na namba iliyokamuliwa mwilini mwake,
ukigusa nukta moja, namba inakusema.
Kipya kisimfute mzee, kikae ubavuni pake.
Nakala mbili hapa, ya tatu Joensuu,
mwendo wa saa mbili kukiwa hakuna theluji.
Kuna theluji.

Tuovi alitia sahihi kwa kalamu ya kuazima.
Eerikki anasema tutajuta. Huenda.

Nilipozima taa nilimkuta Hilkka bado mezani,
kaigeuza ramani mgongo juu,
ananakili ile namba ndefu kwa penseli,
tarakimu baada ya tarakimu, midomo ikicheza.
Alikosea ya arubaini na moja.
Akafuta. Akaanza upya.