Hereni Namba 417

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Hilo silihadithiwi.
Miaka tisa niliandika vitabu vya shamba la serikali,
mpaka serikali yenyewe ikafa
na kondoo wake tukagawana
kama sahani za wali msibani, wengine mara mbili.

Sasa naandika daftari la vijana.
Sheria yake inaenea kiganjani:
unapewa kondoo jike watano,
unawavusha misimu miwili ya theluji,
unarudisha watano wachanga, wazima, wa kike,
nao wanakwenda kwa jina linalofuata.

Ghala nalo ninalo mimi, na ufunguo uko shingoni.
Pampu moja, inaazimwa kwa saa.
Mikasi ya sufu, miwili, mmoja butu.
Trekta dogo la kusukuma kwa mikono
ambalo kila kijana huapa kwamba alilikuta limeharibika.
Na friji ya chanjo,
inakoroma kama mume aliyeshiba.

Jumamosi hii Bermet ameteremka kutoka bonde la juu.
Miaka kumi na minane, viatu vya kaka yake
aliyeko Moscow akipaka rangi kuta za watu.
Ameswaga wanne.
Wa tano amemtoa mfukoni:
hereni ya njano, namba 417,
na kipande cha sikio bado kimeing'ang'ania.

"Mvua ilinyesha juu ya theluji," akasema,
"usiku ikaganda. Malisho yote yakawa chini ya kioo.
Nilipasua kwa shoka tangu alfajiri.
Wakubwa walikula.
Huyu alikuwa na siku kumi na moja,
na maziwa ya mama yake yalikwisha kabla ya barafu."

Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma mita ya umeme.

Daftari lina safu mbili: AMELIPA. HAJALIPA.
Aliyelichora alikaa mjini, karibu na hita;
hakuacha nafasi ya shoka.

Jina linalofuata ni Eldiyar,
naye alikuwa amekwishafika, kamba begani,
pamoja na mama yake, Tursunai,
mwanamke asiyejua kunong'ona.
"Mkataba unasema watano.
Dawa ya deni kulipa."
Alinitazama mimi, wala si msichana.

Kweli, Tursunai, ni dawa.
Mwaka ule wa sahani mbili mbili
mbona hukuniuliza nani anaumwa?
(Hili sikulisema. Nililimeza na chai.)

Nikafungua kalamu.
Mkono wangu unaijua safu ya pili,
umeiandika mara nyingi kuliko ya kwanza:
yule aliyeuza wote watano akanunua tiketi ya basi,
yule aliyewachinja kwa arusi ya dada yake
akanialika, nami nikaenda, nikala.
Nilishagusa karatasi
Eldiyar alipouliza, sauti yake ikivunjika njiani:

"Ulianza kupasua upande gani wa kilima?"

Bermet akageuka. Ndiyo kwanza amwone.
"Wa jua. Ule mwingine unapoteza nguvu bure."
"Na shoka, makali au kisogo?"
"Kisogo. Makali yanateleza, yatakukata mguu.
Ngoja."

Akaichukua kalamu mkononi mwangu bila kuomba,
akachuchumaa, akapindua mfuko wa chumvi ya mifugo,
akaanza kuchora: kilima, zizi, upepo unakotokea,
mahali pa kuficha nyasi kavu mwezi wa tisa
ili mwezi wa tatu usikukute mikono mitupu.
Kijana akapiga magoti. Kamba ikaanguka.
Mwanakondoo mmoja akaanza kuitafuna.

Tursunai akawahesabu tena. Wanne.
Akahesabu kwa kidole. Wanne.
Kisha akasogea, kidogo tu, hatua moja na nusu,
akainama juu ya ule mfuko.
"Hapo si pake," akasema. "Upepo wa Machi hutokea huku."

Hereni iko mezani kwangu, karibu na kikombe.
Daftari liko wazi.
Kalamu anayo yeye.