Unene wa Risiti

Kwanza chomoa plagi. Usizime tu: chomoa,
uyaone meno yake matatu yamelala juu ya simiti.
Hilo nilifundishwa na kidole cha Kahindi,
kile ambacho hakipo.

Msumeno huu wa meza niliuziwa na Mtaliano
aliyefunga mkahawa wake hapa Malindi
akapanda ndege na mbwa wawili.
Kitabu chake cha maelezo sikisomi.
Neno moja tu nalielewa, kwa sababu
limepigwa rangi nyekundu kila ukurasa.

Tangu Krismasi nimelaumu mbao.
Mwarobaini, nikasema, mti mchungu, una kinyongo,
umepasuliwa ukiwa mbichi.
Kila ubao ulitoka na kovu jeusi ubavuni,
harufu ya ugali ulioshika sufuria,
na ukifika nyuma ulirudi kunisukuma tumbo
kama mbuzi anayekataa kamba.

Leo Nyevu ameingia na chai, amenusa:
Ni mbao inayoungua, au ni wewe?

Basi tumepima.
Ameleta rangi yake ya kucha
tukatia alama jino moja, moja tu,
maana meno hayalingani, hata ya kinywani.
Nikakaza skrubu kwenye kijiti
kinachoteleza ndani ya mfereji wa meza,
nikalizungusha jino kwa mkono
hadi likaikwaruza skrubu: chwii.
Hapo, akasema Nyevu.
Ana masikio ya cherehani, huyu;
huusikia uzi kabla haujakatika.

Jino lile lile nikalipeleka nyuma,
kijiti kikalifuata.
Kimya.
Palipita mwanga wa mlango.
Akatoa risiti ya maji mfukoni mwa dera,
akaikunja, ikapita.
Akaikunja tena, ikapita.
Mara ya tatu ikakwama.
Msumeno, kwa nyuma, umeuegemea ukingo
kama mlevi anayetafuta ukuta.

Nilitaka kuunyoosha. Lakini wenyewe
umesimama kwenye mhimili wake, hauna kesi.
Ni meza iliyogeuka.
Chini yake boliti nne:
legeza tatu, ya nne iache ishike kidogo,
iwe kisigino cha kuzungukia.
Kisha nyundo ya mti, wala si kupiga,
ni kubisha, kama mlango wa nyumba
yenye mtoto mchanga.
Bisha, pima. Bisha, pima.
Imezidi. Rudisha.

Chwii mbele.
Chwii nyuma.

Kaza, halafu upime tena,
kwa kuwa kukaza nako husogeza,
na hili hakuna aliyenionya.
Tukaanza upya. Chai ikafanya utando.

Ubao wa kwanza ulipita
kwa sauti moja toka kichwa hadi mkia.
Ubavu mweupe. Hakuna moshi.
Niliuweka shavuni, nikafumba macho,

na hapo ndipo nilipolikumbuka kabati la Mbodze.

Kabati la Januari. Mlango wake
hufunguka wenyewe saa nane za usiku,
polepole, hadi mwisho.
Amehamisha kitanda. Amefukiza ubani.
Amempa mganga kuku wawili na elfu tatu,
na mganga kasema ni marehemu mumewe,
anatafuta shati.
Nilikuwapo. Nilitikisa kichwa kwa heshima,
mimi, niliyepasua kila ubao wa mlango ule
kwenye meza hii.

Nimetia bisibisi mfukoni, na randa ndogo,
na risiti yenye mikunjo mitatu.
Kutoka Barani hadi Maweni si mbali.
Nimefika kizingitini na viatu mkononi
Nyevu aliposema, bila kuniangalia,
akiukwangua utando wa chai kwa kijiko:

Siku hizi hulipiga pasi lile shati
kabla ya kulala.