Milisekunde Arobaini

Kinu cha alizeti cha Mama Mbukwa, pale Kibaigwa,
kina beringi moja yenye kinyongo.
Msimu uliopita iliungua saa nane mchana,
magunia yamepangwa hadi ukingo wa lami,
na mafuta yakanuka moshi wiki nzima.

Ndipo nikaitwa. Nikaja na kompyuta ya Linux
isiyozidi boksi la kiberiti,
na kitambuzi cha mtikisiko nikakigandisha kwa gundi
ubavuni mwa mashine, kama kupe.
Kila milisekunde programu iulize:
unatetemeka kiasi gani?
Jibu likizidi, ikate umeme.

Siku tatu, salama.
Ya nne ikachelewa milisekunde arobaini.
Utasema hizo ni nini, kope haijagusa kope;
lakini katika arobaini hizo gololi ilishachubuka.
Ngojangoja huumiza matumbo. Na chuma pia.

Nikamsaka mchelewaji.
Programu yangu haikulala. Ilikuwa mlangoni mwa kiini,
imesimama na swali lake mkononi,
na mbele yake kuna mwenzake anaandika diskini
kwa mwandiko mzuri, bila haraka.
Sisi wa Dodoma tunaijua foleni hiyo:
mhusika ametoka kidogo, rudi baada ya chakula.

Usiku nikakijenga kiini upya, kikubali kukatizwa.
Nikaipa programu kipaumbele cha tisini,
nikaifungia kumbukumbu zake zisihamishwe,
nikaitengea bongo moja kati ya nne,
isome kitambuzi moja kwa moja, bila hodi.
Asubuhi, kuchelewa kwa juu kabisa:
mikrosekunde sitini na mbili.
Nikaandika kwa chaki ukutani. Mama akauliza,
"Hiyo ni nyingi au kidogo?"

Sijamjibu, Chilongola anayelisha mbegu
akanyanyua mkono. "Inalalamika."
Nikatazama skrini: mstari umenyooka.
Nikahesabu pumzi moja, ya pili,
ndipo mstari ukaanza kupanda, taa ikawaka, kinu kikazimika.

Nikamwuliza umesikiaje, na kelele zote hizi?
Akaonyesha chini. Yuko pekupeku,
vidole vyeupe kwa vumbi la makapi.

Nikakibandua kitambuzi ubavuni.
"Kanyaga tena," nikamwambia, nikipiga magoti na chaki,
"kisigino chako huwa kinakaa wapi hasa?"