Chale za Mninga

Fimbo ni ya mninga, urefu wake
toka kiwiko changu hadi ncha ya kidole,
nayo ina chale sitini na tatu.
Nilizihesabu usiku wa zamu, taa ya wodi ikikonyeza,
nikarudia, zikawa sitini na nne.
Kuna moja haijulikani kama ni chale au ufa.

Msabila, babu wa babu yangu,
aliifuata vita bila kushika gobore.
Rugaruga walitangulia, manyoya vichwani, vumbi la Usoke miguuni;
yeye nyuma, na punda mmoja mbishi,
chungu cha asali, chumvi ya Uvinza ndani ya majani,
koleo la mwanzi, na kulabu ya chuma
mjomba wake aliyoifua kwa jembe lililovunjika.
Jembe lililozoea mtama likajifunza kuchimba risasi.

Dawa ya usingizi hakuwa nayo.
Alikuwa na mtu wa kukalia miguu,
mwingine wa kukalia kifua,
na maneno haya:
"Nihesabie ng'ombe wa baba yako
kwa rangi zao, usiruke hata ndama."
Wengi walizirai zizi halijaisha.
Asiye na ng'ombe alitaja mizinga ya nyuki, mti kwa mti.

Kidonda alikiosha, akakijaza asali,
akaita siafu waje kushona:
kichwa kimoja, ngozi kwa ngozi, kiwiliwili kikavunjwa,
meno yakabaki yamebana.
Mchana kutwa. Kisha akanawa,
akala ugali wa baridi amesimama.

Siku moja walimletea kijana wa upande wa pili,
risasi nyongani, midomo myeupe kama unga,
na mkononi bangili ya shaba iliyopinda kidogo
pale dada yake Msabila alipoigonga kwenye kinu.

Hapo ndipo wasimuliaji wa kwetu hugombana.
Wengine husema alinawa mara tatu.
Wengine husema alikwenda kumnywesha punda maji
na punda hakuwa na kiu.
Wote hukubaliana alirudi.
Akatoa risasi. Akatoa na bangili.
Risasi akaiweka kiganjani mwa kijana,
bangili akaitia kibindoni,
akamwambia mkalia miguu, "Sasa mwachie."

Yule kijana aliota mvi. Alifuga njiwa kule Itetemia,
akichechemea, na kila mavuno
aliacha kikapu mlangoni petu, hakubisha hodi.

Walipokuja Wadachi na boma lao,
daktari wao alikuwa na chupa ya usingizi,
na Msabila akapewa ndoo.
Miaka sita alibeba maji ya kuoshea visu vya mwenzake.
Aliulizwa swali moja tu: jina,
la kitabu cha mishahara,
nalo likaandikwa kombo.

Bibi Nyamizi anasema chale ni waliopona.
Mjomba Kasubi anasema ni miguu iliyokatwa,
na anasema hivyo akitazama pembeni.
Mimi nimeigeuza fimbo chini ya mwanga wa picha za mifupa,
mimi niliyesomea haya kwa mkopo wa serikali,
na mti hausemi.
Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu,
mzima au mgonjwa, rangi ni ileile.

Leo alfajiri wameleta dereva wa bodaboda kutoka Ipuli,
paja limevunjika pawili,
sindano ya ganzi inasuasua.
Nikajisikia nikisema, "Nihesabie ng'ombe wa baba yako."
"Baba hana ng'ombe, dokta. Alikuwa reli."
"Basi nihesabie stesheni. Kwenda Kigoma."
Akashika ukingo wa kitanda.
Usoke, akasema. Urambo.
Kaliua, na jasho.
Nguruka, polepole, kama anayeshuka na mizigo.
Malagarasi hakuimaliza.

Uvinza nilimtajia mimi.