Daftari la Tatu

Kurasa tisini na sita, jaladani twiga,
nyuma jedwali la kuzidisha.
Hospitali haina faili; unakuja na daftari lako
kama mwanafunzi aliyechelewa.
Nambozo Aidah, miaka thelathini na minane,
fundi cherehani, Namakwekwe.

Ukurasa wa kwanza: malaria.
Damu haikuonyesha malaria. Nikapewa dawa ya malaria.
Ukurasa wa nne: taifodi.
Wa tisa: vidonda vya tumbo, na tumbo
ndilo pekee lisilonisumbua.
Kisha mwandiko mwingine, wa kuku aliyechakura:
mawazo.

Naeleza tena. Naanza na vidole:
saa kumi alasiri sindano inakwenda mbali,
naiona, naishika, mkono haujui kama umeishika.
Nimewahi kushona kidole changu
pamoja na gomesi ya bibi harusi,
nikaijua damu kwa macho.
Halafu miguu, nyuki chini ya ngozi.
Halafu uchovu, si ule wa kulala ukaisha;
huu huamka kabla yangu,
hukaa ukingoni mwa kitanda, hunisubiri.

Daktari anaandika: uchovu.
Basi.

"Mume yuko wapi? Umefiwa karibuni?"
Nimefiwa, daktari. Nani Mbale hii hajafiwa?
Mama tulimzika Desemba.
Vidole vilianza Machi, Machi ya kabla yake.
Hesabu si ngumu, jedwali liko hapo nyuma.

Kwa picha ya kichwa, Kampala, niliuza mashine ya kudarizi.
Majibu: kila kitu sawa.
Dada yangu Khainza alipiga vigelegele kwenye simu.
Mimi nilikaa kwenye benchi nikalia
kama aliyefeli mtihani,
kisha nikaona aibu, maana jirani yangu benchini
alikuwa amepewa jina la ugonjwa wake
na alikuwa amelikunja kiganjani, kimya.

Asubuhi za mvua wingu huushukia Wanale
hadi miguuni.
Sijasikia mtu sokoni akisema
leo mlima haupo.

Jumanne iliyopita alikuwapo kijana, Okiror,
koti limefumuka kwapani.
Alilisoma daftari lote, kuanzia twiga.
Akaniambia nifumbe macho,
akanipitishia pamba kidole kimoja kimoja,
akiuliza, akingoja, akiuliza.
Nilisikia kalamu ikisimama.
"Sijui," akasema. "Bado sijui. Rudi tutafute."

Miaka miwili nimelipia majibu;
hilo sikulilipia hata shilingi,
na nusura nimvue koti nimshonee pale pale.

Ukurasa ulikuwa wa mwisho.
Dukani, msichana akanipa jipya, twiga yule yule.
"Mwanao yuko darasa la ngapi?"
Nikahesabu.
"La tatu," nikamwambia. "Anarudia."