Ngeli ya Chachu

Siku ya kwanza ni uji tu:
vijiko vitatu vya unga wa atta, kimoja cha wimbi,
maji yaliyolala wazi kwenye sufuria
dawa ya bomba ipate kuruka.
Chupa ilikuwa ya asali. Nikaifunga raba kiunoni
kuweka alama, nikaiweka juu ya king'amuzi,
maana ni Julai, Umoja, kuta za jikoni zinatoka jasho la baridi,
na joto pekee nyumbani humu ni la taarifa ya habari.

Siku ya pili ikafura. Nikajipongeza mapema.
Ya tatu ikanuka soksi.
Ya nne, kimya. Ya tano, kimya,
na maji meusi juu kama chai iliyosahauliwa.
Nilikwisha kuiinamisha juu ya sinki
nikawakumbuka wale wa dawati la nyuma
niliowaandikia *hajitahidi* kwa wino mwekundu,
na mmoja wao leo ndiye anayenipima presha.
Nikairudisha.

Kila asubuhi nusu natoa, nusu nalisha.
Kutoa ndiko kulikonishinda;
sikulelewa katika nyumba ya kumwaga unga.
Nusu hiyo ikawa chapati za maji, zenye ukali kidogo.
Nyaboke wa mlango wa pili alikula tatu
akasema zinamkumbusha kitu. Hakusema nini.

Siku ya kumi na moja ikapanda, ikaipita raba.
Harufu ya maziwa lala na ndizi mbivu.
Mkate wa kwanza ulikuwa tofali. Niliumaliza.

Halafu simu ya usiku, na safari ya Webuye.
Chupa nikamwachia Musembi, anayetufungulia maji
Jumanne na Ijumaa. Nikamwandikia maagizo:
*Ilishwe asubuhi. Ikorogwe. Isikazwe kifuniko.*
I-I, kama sukari, kama chai, kama amani.
Ngeli nimefundisha miaka thelathini na mmoja.

Nilirudi baada ya siku tisa
na viganja vilivyoshikwa na watu wengi mno.
Mezani, nyuma ya risiti ya gesi:

*Jumatatu, amekula vizuri.*
*Jumanne, stima ilipotea, nikamfunika na sweta.*
*Alhamisi, unga wake umeisha, nimempa wa ugali. Amenuna.*
*Ijumaa, amesamehe.*
*Jumapili, amepanda mpaka akamwagika. Nimempangusa.*

Kalamu nilikuwa nimeshaitoa.
Mkono unaijua kazi yake: duara kwenye *a*,
duara kwenye *m*, ngeli pembeni.

Lakini kule nilikotoka
kaka yangu Makokha, aliyekuwa akipiga mluzi akikama,
kufikia Jumatano walikwisha kumtoa A-WA.
Mwili umefika. Mwili utalala sebuleni.
Mwili uondoke saa saba, mvua isije ikatukuta.
Nami nilisimama na kipaza sauti, mwalimu mzima,
nikasoma ratiba hivyo hivyo ilivyoandikwa,
na sarufi ilikuwa sahihi.

Nikafunga kalamu.
Nikaosha mikono, nikapima vijiko vitatu, kimoja.
Povu lilikuwa limelala chini ya raba.

Musembi akachungulia mlangoni, kofia mkononi.
"Pole, Mwalimu." Kisha, kwa sauti ya chini,
"Ameamka?"

"Bado," nikasema. "Mwache kidogo."