Hesabu ya Ugali

"Swali la tano," Yoeli anasoma, kidole juu ya mstari.
"Mama amepika ugali mmoja. Ana watoto watatu.
Kila mtoto atapata sehemu gani?"
Kisha ananitazama mimi, si daftari.
Mimi natazama maji, yameanza kunong'ona sufuriani,
na unga wa uwele kwenye ungo, wa kijivu, haujivuni.

"Theluthi," anasema Sechelela bila kuinua uso.
Anachambua karanga. Yuko la sita, hayo alishayavuka.
"Andika theluthi, tulale."

Haya, theluthi.
Nikatia unga, nikakoroga, nikaongeza,
mwiko ukaanza kushika, ukaanza kuleta ubishi,
ndipo moto ukageuka njano, ukatetemeka
ukazima.
Nikautikisa mtungi kama mtu anayemwamsha mlevi.
Mwepesi. Hauna neno.
Tarehe ishirini na tatu. Mitungi nayo husoma kalenda.

Ugali mbichi hausubiri mshahara.
Nikaifunga sufuria kwa kanga, mwiko umesimama ndani,
tukatoka: mimi mbele,
Sechelela na bakuli la mlenda,
Ndahani na kifuniko kichwani, askari wa zamu,
Yoeli nyuma na daftari lake, penseli sikioni.
Upepo wa Julai hapa Nzuguni haubishi hodi,
unaingia na mchanga wake hadi kwenye meno.

Mama Hija, Mrangi wa Kondoa, hakuuliza kitu.
Aliepua maharage yake, bado magumu,
akasogeza mkaa kwa kijiti.
"Weka," akasema.

Nikasonga nimepiga goti, miguu yangu ikishika jiko lisicheze.
Mlenda tukaupasha baadaye, pembeni:
majani ya mama yangu, aliyoyakausha mwenyewe huko Bahi
akayatuma na kondakta ndani ya kopo la maziwa,
na karata ya chumvi iliyofungwa kwenye gazeti
kana kwamba Dodoma mjini hakuna chumvi.

Hija akatokea na sahani. Hakuitwa.
Mtoto akinusa ugali, aitwe na nani?
Yoeli akafuta. "Basi robo."
"Na mwenye jiko?" Sechelela akamchokoza.
Akafuta tena. "Moja ya tano."
"Na baba?"
Baba yao analinda usiku kule Mtumba,
jengo jipya, bado linanuka rangi.
La kwake linafunikwa kwenye bakuli la bluu,
analila alfajiri na chai, limekauka ngozi,
wakati wao wanagombania soksi.
Yoeli akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Ndahani ana miaka minne, hesabu hajaanza.
Alikuwa anavuta mlenda kutoka bakulini hadi kidevuni,
uzi mrefu, haukatiki.
Akauliza, mdomo umejaa:
"Mama hali?"

Nikajifanya natafuta kibiriti.
"Mama anapenda ukoko," Sechelela akajibu kwa niaba yangu,
kwa sauti ileile ninayoitumia mimi.
Nimelisema hilo miaka mingi mno.
Kuna siku hata mimi naliamini,
nikiukwangua peke yangu, sufuria mapajani,
redio imezimwa, wote wamelala.

Mama Hija alinitazama kidogo tu.
Akamega kwenye sahani yake, tonge kubwa,
akalichovya, akaniwekea kiganjani, la moto,
akaendelea kuzungumza habari za bei ya mkaa.

Daftari limerudi leo.
Swali la tano, mwanangu aliandika kwa herufi kubwa,
akizunguka lile tundu:
INATEGEMEA NANI YUPO.
Mwalimu ametia kosa, kalamu nyekundu, tisa kwa kumi.
Chini yake kuna doa la mlenda, limekauka, linang'aa.
Yoeli analia kwa ile moja.
Sijui nimwambie nini.
Nimemtuma kwa Mama Hija kurudisha kijiko chake,
na ndani ya kijiko, karanga kidogo.